Watatu Wasiopatana

Wafalme na mawaziri wa Ulaya walipokutana Vienna mwaka 1815, baada ya kuanguka Napoleon, ili kuzirejesha enzi zilizopinduliwa na kuyapanga upya mamlaka ya bara lile, waliikuta Italia imegawanyika nao wakaiacha imegawanyika. Lombardia na Venezia, nchi zenye rutuba na mapato mengi, ziliwekwa chini ya Kaisari wa Austria. Parma, Modena na Toscana zilipewa jamaa zake Kaisari huyo, ambao hawakuthubutu kupitisha neno kubwa pasipo kutazama kwanza uso wa Vienna. Nchi ya katikati, toka bahari hata bahari, ilikuwa milki ya Papa, ambaye wakati ule alikuwa na askari, magereza na watoza kodi kama sultani mwingine yeyote. Napoli na Sisilia zilirudi mikononi mwa ukoo wa Bourbon. Na pembeni, kaskazini magharibi, chini ya milima ya Alps, palikuwa na Piemonte, ambayo pamoja na kisiwa cha Sardegna ilitawaliwa na ukoo wa Savoia. Msafiri wa kutoka Milano kwenda Roma alipekuliwa mizigo yake mpaka baada ya mpaka, na mkulima wa Piemonte angalikutana na mkulima wa Sisilia, kila mmoja akisema kwa lugha ya mamaye, wasingaliambizana jambo wakaelewana.

Mtu aliyesema katika hali hiyo kwamba hawa wote ni taifa moja, tena taifa lisilohitaji mfalme, alihesabiwa kuwa mwendawazimu na watu wapole, na mhaini na watu wa serikali. Naye alikuwa Giuseppe Mazzini, mwana wa tabibu wa Genova, aliyezaliwa mwaka 1805, akasoma sheria, na tangu ujana wake akashika kuvaa nguo nyeusi kwa kuiombolezea nchi yake. Aliingia katika chama cha siri cha Wachoma Makaa, akashikwa, akafungwa katika ngome ya Savona, na huko gerezani, mbele yake bahari na juu yake mbingu, akaona kuwa viapo vya gizani na ishara za vidole havitakomboa kitu. Alipofukuzwa alikwenda Marseille, na mwaka 1831 akaasisi chama alichokiita Italia Changa, kwa vijana wasiozidi umri wa miaka 40, chenye itikadi iliyo wazi kabisa: Mungu mmoja, watu wamoja, jamhuri moja.

Itikadi ilikuwa njema. Vitendo vilikwenda mrama. Njama ya mwaka 1833 iligunduliwa, na rafiki yake mpenzi, Jacopo Ruffini, akajiua katika gereza la Genova kwa kuchelea asije akawataja wenziwe. Mwaka uliofuata palifanyika jaribio jingine, nalo likasambaratika pasipo mapigano ya maana. Mazzini akahukumiwa kifo hali hayupo, akatangatanga, hata mwaka 1837 akatua London, ambako aliweka rehani koti lake na viatu vyake apate kula, na ambako, pamoja na dhiki hiyo, alifungua skuli ya usiku kwa watoto maskini wa Kiitalia waliokuwa wakipiga vinanda njiani. Wako waliomlaumu, na lawama hiyo haikukosa sababu, kwamba yeye aliandika barua akiwa salama na vijana wakafa kwa kuzisoma. Lakini barua hizo zilifanya jambo ambalo jeshi halingeweza: zilimfanya kijana wa Venezia aone fedheha kwa kipigo alichopigwa mtu wa Palermo.

Mmoja wa waliohusika katika lile jaribio la 1834 alikuwa baharia wa Nizza, jina lake Giuseppe Garibaldi, mwenye umri wa miaka 26. Mahakama ya mfalme wa Piemonte ilimhukumu kifo naye pia, akakimbilia Amerika ya Kusini, akakaa huko zaidi ya miaka kumi akipigana katika vita vya watu wengine, kwanza kwa waasi wa kusini ya Brazili, kisha kwa mji wa Montevideo. Huko alijifunza vita vya kushtukiza na kutoweka. Huko alimpata mkewe Anita, aliyepanda farasi na kustahimili mapigano sawa na mwanamume. Na huko askari wake walianza kuvaa yale mashati mekundu, ambayo inasemekana yalikuwa yameshonwa kwa ajili ya wachinjaji ng'ombe wa Buenos Aires, yakauzwa rahisi kwa kukosa mnunuzi.

Hawa wawili walikutana kazini Roma mwaka 1849. Mwaka uliotangulia Ulaya nzima ilikuwa imewaka moto. Mfalme Carlo Alberto wa Piemonte alijitosa kupigana na Austria akashindwa, akarudia akashindwa tena, akamwachia kiti mwanawe Vittorio Emanuele. Na Papa Pius wa Tisa akautoroka mji wake usiku kwa kujigeuza mavazi. Roma ikatangaza jamhuri, na Mazzini akawa mmoja wa watu watatu walioitawala. Aliyedhaniwa kuwa ni mtu wa ndoto tu alionekana kuwa mtawala mwadilifu: alikula katika mkahawa wa bei ndogo, mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mwenye shida, na katiba iliyoandikwa siku hizo iliifuta adhabu ya kifo. Lakini Ufaransa, ambayo yenyewe ilikuwa jamhuri, ilituma jeshi kumrudisha Papa. Garibaldi alilishinda jeshi hilo tarehe 30 Aprili, akataka kuwafuatia Wafaransa mpaka baharini; Mazzini akamzuia, akitumaini kwamba jamhuri mbili zitasikilizana. Hazikusikilizana. Wafaransa walirudi na nguvu mpya, mji ukaanguka mwanzo wa Julai, na Garibaldi akatoka na watu elfu chache kuelekea mashariki, akiwindwa na majeshi manne, hata mkewe, aliyekuwa mjamzito na mgonjwa, akafa mikononi mwake karibu na Ravenna tarehe 4 Agosti. Tangu siku hizo Garibaldi alimheshimu Mazzini kwa fikira zake, wala hakumwamini tena kwa nadhari yake ya vita.

Wa tatu hakuwa Roma, wala hakutaka kuwako. Camillo Cavour, aliyezaliwa Torino mwaka 1810 katika nyumba ya makabaila, alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye miwani na tabasamu, aliyeandika Kifaransa kwa ufasaha kuliko Kiitalia, na ambaye maisha yake yote hakupata kufika kusini kupita Toscana, hata ingeweza kusemwa kwamba aliijua Manchester kuliko Napoli. Aliacha uaskari akiwa kijana, akawa mkulima katika shamba la Leri, kwenye mabonde ya mpunga, ambako aliamka alfajiri kusimamia mifereji na mbolea. Alicheza karata kwa fedha nyingi na kuweka rasilimali katika mabenki na reli. Alikwenda Uingereza kutazama viwanda na kuketi katika roshani ya wageni ya Bunge lao. Katika mambo hayo alitoka na imani moja, kwamba taifa hujengwa kwa biashara, sheria na mikopo yenye kulipwa, na kwamba mzimu wa mapinduzi, ambao Mazzini aliuita kila mwaka, huwatisha watu wenye mali wakakimbilia chini ya bendera ya Austria.

Alipokuwa waziri mkuu mwaka 1852 alianza kuutengeneza ufalme ule mdogo ili uonekane na dunia kuwa ni dola ya kuaminika. Alitia reli, akafunga mikataba ya biashara, akapunguza mali na madaraka ya watawa. Kisha akafanya tendo ambalo wengi walilishangaa: mwaka 1855 alipeleka askari 15,000 kupigana na Urusi huko Crimea, katika ugomvi usiomhusu Mpiemonte hata chembe. Askari wengi waliofia huko waliuawa na kipindupindu, si risasi. Alichonunua Cavour kwa maisha yao ni kiti katika mkutano wa amani wa Paris, mwaka 1856, ambapo malalamiko ya Italia yalitajwa kwa mara ya kwanza mbele ya madola makubwa. Ni hesabu ya kutisha kidogo. Naye aliifanya kwa utulivu kama alivyofanya hesabu ya mpunga.

Mlango aliousubiri ulifunguliwa kwa njia isiyotazamiwa. Januari 1858 Mwitalia mmoja, Felice Orsini, aliyekuwa zamani mfuasi wa Mazzini, alirusha mabomu katika gari la Napoleon wa Tatu, Kaisari wa Ufaransa, huko Paris. Kaisari akapona, watu wengine wakafa. Badala ya kuichukia Italia, Kaisari yule mwenye tabia ya mafumbo aliona kwamba hatapata raha mpaka jambo la Italia lifanyiwe kitu. Mwezi wa Julai alimwita Cavour kwa siri katika mji wa Plombières, mahali pa maji ya dawa, na baada ya mazungumzo ya asubuhi wakapanda gari dogo, Kaisari mwenyewe ameshika hatamu, wakizunguka misituni huku wakitafuta kisingizio cha vita. Ufaransa itasaidia kuwatoa Waaustria; bei yake ni Savoia na Nizza; na juu ya hayo binti wa Vittorio Emanuele, Clotilde, aliyekuwa na miaka 15, aozwe binamu ya Kaisari, mtu wa makamo asiyesifika kwa mwenendo. Binti akaozwa.

Vita vilianza Aprili 1859, baada ya Austria kuchokozwa mpaka ikatoa amri ya mwisho. Wafaransa na Wapiemonte walishinda Magenta tarehe 4 Juni, kisha Solferino tarehe 24, ambako mamia ya maelfu ya watu walipambana mchana kutwa, na majeruhi wakaachwa wakilia kwa kiu vilimani, hata mfanyabiashara Mswisi aliyepita huko, Henri Dunant, akaandika kitabu kilichozaa baadaye Msalaba Mwekundu. Labda Napoleon naye alishtuka kwa damu hiyo; labda aliiogopa Prussia iliyokuwa ikikusanya jeshi upande wa Rhine. Pasipo kumwambia Cavour alifanya suluhu na Kaisari wa Austria huko Villafranca, wakaitoa Lombardia na kuiacha Venezia. Cavour alimwendea mfalme wake usiku, akamtolea maneno ambayo mawaziri hawawaambii wafalme, akajiuzulu. Ghadhabu ile ilikuwa mojawapo ya mara chache ambapo watu walimwona mtu yule amesahau hesabu zake.

Alirudi madarakani Januari 1860, na kwa kuwa watu wa Toscana, Parma na Modena walikuwa wamewatimua watawala wao, alimshawishi Napoleon akubali nchi hizo ziungane na Piemonte kwa kura, naye apewe ile bei ya zamani. Basi Nizza ikawa ya Ufaransa. Garibaldi, ambaye Nizza ilikuwa kwao, na ambaye ndiyo kwanza ametoka kupigana chini ya bendera ya mfalme, alisimama bungeni akalalamika kwamba amefanywa mgeni katika mji aliozaliwa. Hakumsamehe Cavour mpaka mmoja wao alipoingia kaburini.

Mwezi wa Aprili mwaka huo palizuka uasi Palermo. Francesco Crispi, mwanasheria wa Sisilia aliyekuwa mfuasi wa Mazzini na aliyekula uhamisho Malta na London, alimsihi Garibaldi aende. Na usiku wa kuamkia tarehe 6 Mei, kutoka Quarto karibu na Genova, merikebu mbili, Piemonte na Lombardo, ziling'oa nanga zikiwa zimechukua watu elfu moja na ushei. Merikebu zilichukuliwa kwa kinachoitwa wizi, ingawa wakala wa kampuni alikuwa akijua. Bunduki zilikuwa kuukuu. Walikuwa mawakili, matabibu, wanafunzi, wachoraji na mafundi wa miji ya kaskazini, na mwanamke mmoja, Rosalia Montmasson, mke wa Crispi. Mkulima hasa, mtu wa jembe, ilikuwa kazi kumwona miongoni mwao. Cavour hakuwaruhusu wala hakuwazuia: wakishinda, mfalme atapata faida, wakizama, waziri hakuwajua.

Walishuka Marsala tarehe 11 Mei, ambako manowari mbili za Kiingereza zilizokuwa bandarini ziliwatia wasiwasi makapteni wa Napoli, wakachelewa kufyatua mizinga. Siku nne baadaye, Calatafimi, waliupanda mlima wa ngazi ngazi mbele ya bunduki za adui aliyewazidi kwa silaha, wakaushika. Na tarehe 27 waliingia Palermo, mji uliokuwa na askari wapatao 20,000, ambao jemadari wao aliuvurumishia makombora, kisha akaomba suluhu. Garibaldi, aliyejitangaza kuwa mwenye amri ya Sisilia kwa jina la Vittorio Emanuele, aliiondoa kodi ya kusaga nafaka iliyokuwa ikichukiwa kuliko zote, na tarehe 2 Juni akaahidi kwamba ardhi za wilaya zitagawiwa waliopigania nchi.

Wakulima waliisikia ahadi hiyo kama ilivyosemwa. Katika mji wa Bronte, chini ya mlima Etna, ambako sehemu kubwa ya mashamba ilikuwa milki ya warithi wa Nelson, yule amiri wa Kiingereza, watu walingoja mgao mpaka mwanzo wa Agosti, hawakuuona, wakaondoka na mapanga na mienge wakawaua zaidi ya watu kumi wa tabaka la waungwana na makarani. Garibaldi, aliyekuwa akijitayarisha kuvuka mlango wa bahari na aliyetaka utulivu nyuma yake, alimtuma Nino Bixio, jemadari wake mkali kuliko wote. Mahakama iliundwa upesi, kesi ikasikilizwa upesi zaidi, na watu watano wakapigwa risasi, mmoja wao mwanasheria Nicolò Lombardo, aliyekuwa ameyapigania madai ya ardhi kabla ya fujo, na mwingine punguani wa mji, ambaye kosa lake lilikuwa kupiga tarumbeta njiani. Wanaomtukuza Garibaldi hulipita jambo hili mbio. Mimi naona ndipo hasa pa kusimama, maana hapo ndipo watu wa Sisilia walipoonyeshwa kwa mara ya kwanza uhuru ulioletwa ni uhuru wa nani.

Yaliyosalia yalikwenda kwa kasi ya ajabu. Garibaldi alivuka tarehe 19 Agosti. Jeshi la Bourbon likayeyuka mbele yake. Na tarehe 7 Septemba aliingia Napoli kwa gari la moshi, pamoja na wenzake wachache, ilhali askari wa mfalme wangali ngomeni. Mazzini naye alifika siku kumi baadaye, na naibu wa Garibaldi, Giorgio Pallavicino, akamwandikia barua ya adabu kumwomba aondoke, kwa kuwa kuwapo kwake kunaleta mfarakano. Alikataa, akajibu kwamba raia ana haki ya kukaa katika nchi yake. Kwa upande wake Cavour, akichelea kwamba Garibaldi ataishambulia Roma na kuwaleta Wafaransa vitani, au, mbaya zaidi, kwamba jamhuri itatangazwa Napoli, alilipeleka jeshi la mfalme kupitia milki ya Papa, akiieleza Ulaya kwamba anakwenda kuyazuia mapinduzi. Hivyo mapinduzi na kizuizi chake vilikutana njiani karibu na Teano, tarehe 26 Oktoba; Garibaldi akavua kofia akamsalimu Vittorio Emanuele kuwa mfalme wa Italia, akamkabidhi nusu ya nchi, na mfalme akamwarifu kwamba watu wake wamechoka, basi wakae nyuma. Mfalme alitazamiwa kuwakagua wale wa mashati mekundu, hakutokea. Tarehe 9 Novemba Garibaldi alipanda meli kurudi kisiwani kwake Caprera, na mzigo wake ulikuwa mfuko wa mbegu, kahawa na sukari kidogo, na samaki wakavu.

Ufalme wa Italia ulitangazwa Torino tarehe 17 Machi 1861, na Vittorio Emanuele, badala ya kujiita wa Kwanza, alibaki kuwa wa Pili kama alivyohesabiwa Piemonte, jambo ambalo watu wa kusini hawakukosa kuliona. Mwezi uliofuata Garibaldi aliingia bungeni na shati lake jekundu, akamshutumu Cavour kwamba alitaka kuwagonganisha ndugu kwa ndugu. Ukumbi ukachafuka, wabunge wakarushiana matusi, na kikao kikaahirishwa. Cavour alijizuia. Tarehe 6 Juni, baada ya homa na baada ya matabibu kumtoa damu mara kwa mara kwa mtindo wa zama zile, alifariki akiwa na miaka 50, na mtawa mmoja akamsomea sala za mwisho ijapokuwa kanisa lilikuwa limemlaani.

Wale wawili waliobaki hawakuifurahia nchi yao. Mwaka 1862 Garibaldi alipotaka kwenda Roma kwa nguvu, askari wa mfalme aliyempa ufalme walimpiga risasi ya mguu huko Aspromonte. Venezia ilipatikana mwaka 1866 kwa ushindi wa Prussia, Roma mwaka 1870 kwa kushindwa Ufaransa, na katika yote mawili jeshi la Italia lilijipatia fahari kidogo. Mazzini alichaguliwa na watu wa Messina kuwa mbunge mwaka 1866, na bunge likaubatilisha uchaguzi kwa sababu ile hukumu ya kifo ya zamani ilikuwa haijafutwa. Mwaka 1870, wakati Roma inachukuliwa, yeye alikuwa amefungwa katika ngome ya Gaeta. Na alipofariki Pisa, Machi 1872, majirani walimjua kwa jina la Bwana Brown.

Huko kusini, ahadi za mwaka 1860 zilikwisha kusahauliwa na wote isipokuwa walioahidiwa. Katika uchaguzi wa kwanza waliokuwa na haki ya kupiga kura hawakufika watu 2 katika kila 100. Vijijini palizuka uasi ambao serikali iliuita ujambazi na ambao ulihitaji askari takriban 100,000 kuuzima. Na ile kodi ya kusaga, iliyofutwa na Garibaldi Palermo, ikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1868. Wakulima wa Sisilia walipojikusanya tena katika vyama kudai ardhi na ujira, mwaka 1893, waziri mkuu aliyetangaza sheria ya kijeshi kisiwani na kuwapeleka viongozi wao mahakama za askari alikuwa Francesco Crispi, yule yule wa Quarto, aliyekwisha kumwacha Mazzini na jamhuri yake kwa hoja kwamba ufalme huwaunganisha Waitalia na jamhuri ingewagawa.

Crispi alikuwa na jawabu lake kwa njaa ya ardhi: Mwitalia atapewa mashamba, lakini Afrika. Miaka hiyo Italia ilikuwa imekwisha kuishika Massawa na Eritrea, na Sultani wa Unguja akakodisha kwa Waitalia bandari zake za Banadiri, Barawa, Marka na Mogadishu, ambazo mwaka 1905 walizinunua kabisa. Menelik wa Uhabeshi hakukodisha kitu. Tarehe 1 Machi 1896, huko Adwa, jeshi la Italia lilivunjwa katika muda wa asubuhi moja, na maelfu ya vijana, wengi wao wana wa wakulima, wakaachwa uwanjani. Habari zilipofika Italia, watu walijaa barabarani Milano na kwingineko, wakang'oa reli ili askari zaidi wasipelekwe, na wako waliopiga kelele za kumshangilia Menelik. Crispi alijiuzulu siku chache baadaye, wala hakurudi tena madarakani mpaka alipofariki Napoli mwaka 1901.